Rimoti ya Gari la Mayai

4 Machi

Mjukuu wangu, mume wangu mdogo,

Pokea salamu, uwagawie na wenzako wa gereji, wale wasionawa mikono. Huku tu wazima. Mama yako kikohozi kimemwacha, kimebaki kisirani. Goti langu la kushoto linauma nikikaa, la kulia linauma nikisimama, kwa hiyo nimeamua nitembee tu. Kuku wanataga, isipokuwa wale weusi uliowasifu, ambao wanakula kama wageni wa harusi na kutaga kama mtu anayekopesha. Mpangaji wangu wa chumba cha mbele, yule dada fundi cherehani, anakusalimu. Bado anashonea pale pale barazani, ameitazamisha mashine yake uani kwenye gari langu, maana chumbani anasema haoni tundu la sindano.

Haya. Salamu zimekwisha, sasa kaa chini.

Ulipokuja likizo ulinifungia alamu kwa sababu ya yule mwizi wa betri. Juu yake ukaniwekea rimoti ya kuwashia gari nikiwa dirishani na kikombe cha chai, ili injini ipate moto kabla sijapakia trei za mayai. Sikukataa. Mtaa mzima ulikuja kumtazama bibi kizee akibonyeza kidude na pikapu inakohoa yenyewe uani. Nilivimba wiki nzima.

Sasa dude lako linanitia aibu. Linalia bila kuguswa. Linalia saa tano asubuhi, linalia nikiwa sokoni, linalia kuku akipita. Wiki iliyopita tulikuwa na msiba nyumba ya pili. Watu wameinamisha vichwa wanaomba, likaanza. Waliokuwa wakiomba wakanyamaza, likabaki linaomba lenyewe.

Yule fundi wa njia panda, Koleo, alinyoosha shingo juu ya ukuta: "Bibi, nije nikufungulie?" Nikamwambia gari hili limefungwa na mjukuu wangu aliyesomea umeme wa magari miaka mitatu, wewe kafungue soda. Kwa hiyo usinifedheheshe. Niambie nifanye nini, nifanye mwenyewe.

Na usinipigie simu. Kwenye simu unasema "ndiyo Bibi, ndiyo Bibi", kisha unafanya unavyotaka. Tena sikio langu la kulia siku hizi ni pambo. Andika. Mimi sikuingia darasa la watu wazima na miaka hamsini na mbili ili niandike hesabu ya mayai peke yake.

Bibi yako


15 Machi

Shikamoo Bibi,

Nimefurahi kusikia wote hamjambo, pole kwa magoti. Mimi mzima, kazi nyingi. Bosi ameniachia upande wote wa alamu na rimoti, gari likija la kufungwa ni langu. Vijana wenzangu wananiita Profesa, nusu kwa utani.

Pole pia kwa msiba, na samahani kwa alamu. Usiikasirikie, inajaribu kukuambia kitu. Fanya hivi. Kwenye dashibodi kuna kitaa chekundu nilichokuonyesha. Ikilia tena, inyamazishe kwa rimoti, ingia ndani, zungusha ufunguo bila kuwasha, kisha hesabu kitaa kinawaka mara ngapi kabla ya kupumzika. Mara moja ni boneti. Mara mbili ni mtikisiko, gari limegongwa au kutikiswa. Mara tatu ni mlango.

Kama ni mlango, tazama kwenye fremu. Kila mlango una swichi ndogo yenye kofia ya mpira, inayobonyea mlango ukifungwa. Ikishika kutu, kisanduku cha alamu kinadhani mlango umefunguliwa, kinapiga kelele. Je, gari liliingia maji?

Nyaya zangu zote nilizichomea lehemu Bibi, sikuzisokota na tepu kama wanavyofanya wengine. Huko usiwe na wasiwasi.

Jambo moja dogo tu. Ukiegesha, tafadhali liache gari nyutro, usiliache kwenye gia.

Msalimie Mama, na fundi cherehani.

Mjukuu wako


27 Machi

Mume wangu mdogo,

Marahaba. Barua yako imenikuta nazozana na mwenye duka la mayai, nimeshinda. Mama yako anasema umekonda, sijui ameona wapi, labda kwenye mwandiko.

Nimehesabu kitaa. Mara tatu. Nikahesabu tena, mara tatu. Nikamwita fundi cherehani aje ahesabu kwa macho yake mazima, akasema, "Bibi, ni tatu, hata ukimwita mwalimu." Nikafungua mlango wa abiria. Swichi yako imeoza kama jino. Ndiyo, maji yaliingia. Trei mbili ziliniangukia ndani mwezi wa pili, nikapiga mpira wa maji humo ndani mpaka viti vikaelea. Ulitaka nifanyeje, niendeshe omleti?

Nikaichomoa, nikaipiga msasa, nikaianika juani, nikairudisha. Tangu hapo, kimya. Koleo alipita mara tatu akisikiliza. Nikamwambia, "Unangoja nini, tumezika!"

Lakini lipo jingine.

Gari sasa linawaka lenyewe. Si king'ora, ni injini. Mara ya kwanza nilikuwa bandani nakusanya mayai, nikalisikia. Nikatoka, hakuna mtu, linanguruma peke yake kama lina safari. Nikalizima. Mara ya pili ilikuwa Jumatatu, tena nikiwa bandani. Hiyo ya pili lilishtuka kidogo, likazimika lenyewe. Fundi cherehani anacheka, anasema, "Bibi, gari lako linanisogelea, nadhani linataka gauni." Nami nilicheka.

Waya gani huo? Niambie nikautazame.

Na hiyo nyutro yako, mimi nimeanza kuendesha mama yako hajaota meno. Usinifundishe kuegesha.

Bibi yako


8 Aprili

Shikamoo Bibi,

Natumaini hamjambo. Sina salamu ndefu leo, utanisamehe.

Nimepiga simu yako kila siku tangu juzi, imezimwa. Ukiisoma barua hii, kabla hujaikunja, nenda kwenye gari. Chini ya usukani, upande wa mguu wa kushoto, kuna waya mwekundu mnene uliotoka kwenye betri. Una kikopo cheusi chenye kifuniko, ndani yake fyuzi ya rangi ya buluu. Ing'oe. Rimoti haitawasha tena, ndivyo ninavyotaka. Ufunguo utafanya kazi kama zamani.

Kisha unijibu haya, moja moja:

Rimoti unaiweka wapi?

Gari huwa lipo gia gani ukiegesha? Nakuomba jibu la kweli.

Umeandika "lilishtuka". Lilitikisika, au lilisogea? Kama lilisogea, hatua ngapi?

Na mwambie fundi cherehani ahamishe mashine yake upande wa pili wa baraza. Leo. Sababu nitakueleza nikija.

Mjukuu wako


21 Aprili

Mjukuu wangu,

Barua bila salamu ni kama kuingia nyumbani kwa mtu kupitia dirishani. Sikukulea hivyo. Hata hivyo sisi tu wazima, mama yako mzima, kuku wazima.

Simu nimeizima makusudi. Haikuharibika.

Fyuzi nimeing'oa. Ilikuwa buluu kama ulivyosema. Sasa nikiwa dirishani nabonyeza hewa, watu wananiona. Koleo ameuliza kama betri imeibiwa tena. Nikamwambia mjukuu wangu amelipumzisha.

Umeniuliza rimoti naiweka wapi. Naiweka kwenye msumari, nyuma ya mlango, kama mtu yeyote mwenye akili. Umeuliza gia gani. Nyutro. Umeuliza hatua ngapi. Mimi si mpima viwanja.

Fundi cherehani amekwisha kuhama barazani. Yuko chumbani kwangu, kwenye kitanda changu, maana kile chake kiko chini mno hakimfai. Mimi nalala kwenye mkeka, ni vizuri kwa mgongo. Anakusalimu. Ana hamu ya supu, nimemchinjia mmoja wa wale weusi. Mama yako akitoka zamu zahanati anapitia kumtazama, kisha ananitazama mimi.

Kama unajua mahali wanapouza magongo mepesi, ya kutembelea, siyo yale ya mbao yanayochubua kwapa, niambie.

Wewe uliniambia sababu utanieleza ukija. Sababu gani hiyo isiyopita kwenye bahasha?

Bibi yako


30 Aprili

Bibi,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako nimesimama mlangoni posta, nikaisoma tena nimekaa kwenye ngazi zao.

Hujaniambia fundi cherehani amefanya nini. Umeniambia kitanda, supu, Mama na magongo. Ni mguu. Gari lilimfikia, sivyo?

Basi nisikilize mimi sasa.

Gari lako ni la gia za mkono. Gari la namna hiyo likiwashwa kwa rimoti huku lipo kwenye gia, linaruka mbele. Ndiyo maana kisanduku kina ulinzi wake. Unakumbuka ile siku ya kwanza nilikufundisha: uache injini inanguruma, uvute breki ya mkono, ushuke, ufunge mlango, kisha gari lizimike lenyewe? Ule mzunguko wote ulikuwa wa kuhakikisha umeliacha nyutro. Usipoufanya, rimoti inagoma. Wewe ulisema nakuzungusha kama mganga. Ukasema toa upuuzi huo, nataka nibonyeze liwake.

Siku ya kuondoka niliutoa. Kuna waya mweusi mfupi uliojikunja kando ya kisanduku. Ukikatwa, kisanduku kinajua gari ni la gia. Mimi nilikuwa nimeukata, nikauunganisha tena. Kisanduku kikadhani gari ni otomatiki, halihitaji kuulizwa kitu. Ulifurahi sana Bibi. Nikajiambia nitakukumbusha nyutro, itatosha.

Si hilo tu. Ulivyofurahi wewe, nikadhani ndivyo watakavyofurahi wateja. Wote wanaulalamikia ule mzunguko. Nimewafanyia hivyo watu saba hapa. Bosi hajui.

Na la mwisho, ambalo ndilo linaloniamsha. Barua yako ya gari kushtuka ilinifikia tarehe mosi Aprili. Nilielewa pale pale. Nilikaa nayo siku saba natafuta namna ya kukuandikia uing'oe fyuzi bila kukuambia kwa nini.

Humu ndani nimeweka karatasi ya pili, ni ya fundi cherehani. Tafadhali msomee. Nimeandika kwamba kosa ni langu peke yangu. Nitaomba ruhusa nije.

Mjukuu wako


19 Mei

Mjukuu wangu,

Marahaba. Mama yako mzima, magoti yale yale. Kuku sijawahesabu wiki hii.

Lilimfikia, ndiyo. Tarehe kumi na tatu Aprili, asubuhi. Barua yako ya fyuzi ilifika kumi na sita. Siku tatu tu. Sasa umeniambia ulikaa nayo siku saba, na mimi nimepiga hesabu, na wewe umekwisha kuipiga. Sitakupiga kofi kwenye karatasi. Hiyo ni yako, utaibeba.

Ya kwangu ni hii. Gari naliacha gia ya kwanza. Siku zote, isipokuwa usiku ninapotaka kuliwasha kesho yake dirishani: hapo naliweka nyutro na jiwe chini ya gurudumu, na ile mara ya kwanza lilikuwa bado hivyo. Ua wangu una mteremko unaoelekea barazani, breki ya mkono ilikufa zamani, na marehemu babu yako ndiye aliyenifundisha kuwa gia haina kamba ya kukatika. Niliona haya kukuambia kwamba nakokota breki mbovu mwaka wa nne. Na rimoti haikai kwenye msumari. Inakaa kifuani, ndani ya sidiria, kama vitu vyangu vyote vya maana. Nikiinama bandani kuchukua mayai, inabanwa. Hakuna waya mbovu uliokuwa ukiliwasha gari. Mimi ndiye niliyeliwasha, mara zote tatu.

Nilikuwa na mayai sita mikononi niliposikia injini, kisha mbao za baraza, kisha yeye. Hakupiga kelele. Alisema "Bibi" mara moja tu, kwa sauti ya mtu anayeomba maji. Meza ya cherehani ilikuwa imembana ukutani, mguu wa kulia uko chini ya chuma. Ni mguu anaokanyagia. Umevunjika mahali pawili chini ya goti.

Watu walipofika, niliwaambia nilikuwa kwenye usukani, pedali imeniteleza. Sikufikiri, ulimi ulikimbia wenyewe. Koleo akasema uzee huo. Nikakubali, mimi, nikakubali mbele ya Koleo! Bora wanicheke mimi kuliko waseme mjukuu wangu anafunga magari yanayovunja watu. Nikamwambia hivyo hivyo na fundi cherehani kitandani. Akasema, "Sawa Bibi."

Barua yako ilipokuja niliificha siku nne chini ya trei. Siku ya tano nikakaa kwenye ukingo wa kitanda nikamsomea. Unajua nasoma polepole. Nilipofika "kosa ni langu peke yangu" nikasimama, nikamwambia hapo ameandika uongo, sasa nisikilize ambayo hayakuandikwa. Nikamwambia ya gia. Nikamwambia ya sidiria. Nikamwambia mimi ndiye niliyeamuru ule ulinzi utolewe, na kwamba siku ile sikuwa kwenye usukani.

Akasema:

"Najua hukuwa kwenye usukani."

"Umejuaje?"

"Bibi, mimi ndiye niliyekuwa mbele ya kioo. Gari lilikuja halina mtu. Wiki ngapi hizi unanipa supu na kunidanganya, nami nanywa. Nilikuwa nasubiri nione utachoka lini."

Mjukuu wangu, mimi nimezika mume na watoto wawili, nimesimama mbele ya watu wengi. Sijawahi kukosa pa kuweka macho yangu kama siku ile.

Nikamwuliza nifanye nini. Akasema, "Mwite Koleo." Nikaenda mwenyewe hadi njia panda. Hakunicheka, ningefurahi angenicheka. Alilala chini ya usukani na taa yake ya kupimia, mimi nikamshikia tochi na kumsomea barua yako, mahali pa waya mweusi. Akauona. Akasema lehemu yako ni safi. Akaukata ule waya, akazifunika ncha mbali mbali, akafunga kebo mpya ya breki ya mkono. Akairudisha fyuzi. Kisha akasema sasa tujaribu, tuliweke gia ya kwanza makusudi, tubonyeze tuone kama litagoma. "Watu wote watoke mbele."

Fundi cherehani alikuwa amekaa kwenye kiti mlangoni, mguu wenye plasta juu ya ndoo. Akasema, "Mimi sikutolewa mbele."

Koleo akasema, "Dada, hayo siyo mambo ya fundi wa magari."

Akaninyooshea kidole mimi: "Akae yeye. Pale nilipokaa. Rimoti nipeni mimi."

Koleo akanitazama, anataka nikatae. Nikaitoa kifuani nikampa yule mwanamke. Nikapanda barazani, nikakaa kwenye kigoda chake, ukuta mgongoni, boneti mbele yangu hatua tatu. Koleo akaanza kuweka mawe kwenye magurudumu. Nikamwambia atoe. Akatoa. Breki akaivuta, akashuka, akageuka asitazame.

Kutoka pale kwenye kigoda gari ni kubwa, mjukuu wangu. Sikujua. Miaka yote nimelitazama kutoka ndani.

Fundi cherehani akabonyeza. Taa zikawaka, zikazimika. Akabonyeza tena. Taa. Akabonyeza mara ya tatu, akashikilia kidole, nami nikawa nimeshika mbao za kigoda. Injini haikujibu. Kuku walikuwa wanakwaruza nyuma ya nyumba, nikawasikia kila mmoja.

Akairudisha rimoti kwa Koleo, hakunirudishia mimi. Akasema, "Sasa njoo uniinue, nataka kwenda kulala."

Kazi zake zimelundikana. Kwa hiyo asubuhi mimi nakanyaga cherehani, yeye kando anaongoza kitambaa. Magoti yangu yanalia, na yeye ananifokea, "Taratibu Bibi, unakimbilia wapi!" Daktari amesema plasta itatoka baada ya wiki tano. Kama mguu utarudi kukanyaga, hajasema.

Usije. Nimeisikia hamu yako, lakini usije. Hapa hakuna waya wa kukata tena. Una watu saba huko, na kila mmoja ana mtu anayekaa mbele ya gari lake asubuhi. Mwambie bosi leo. Akikufukuza, wafuate kwa miguu, nyumba kwa nyumba, ukate nyaya zote, na uwaambie kwa nini, kwa mdomo wako, si kwa barua.

Na ukimaliza kila gari, kaa wewe mbele ya boneti, mwenye gari abonyeze. Usimpe mtu mwingine kiti hicho.

Bibi yako